Vibuyu Vitatu vya Kahawa na Kipoyi cha Mama Mukwe

Hii habari niliificha miaka mingi sana, na hata leo nikianza kuitoa, bibi yangu wa ndoa Furaha anasimama anasema anaenda kuangalia mbuzi (mbuzi iko imefungwa pale pale, haijaenda popote), sababu aibu ilikuwa yangu lakini na yeye ilimupata, na kikwembe nilichovaa siku ile kilikuwa chake. Lakini mumenizunguka, mumeniletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mimi ulimi wangu haujawahi kuwa na mulango, basi sikilizeni, mucheke, kisha munyamaze.

Miaka ile ya hamsini, mbele ya uhuru, nilikuwa nafanya kazi ku mugodi wa bati kule Walikale, ndani ya pori kabisa, nasukuma wagoneti, vile vigari vya chuma vinavyobeba mawe juu ya reli. Nilikuwa kijana wa mabega mapana, na mudomo wangu ulikuwa mupana kuliko mabega. Sasa pale mugodini kulikuwa chuma moja ilitolewa chini ya wagoneti iliyokufa, muti wa chuma na magurudumu yake mawili, moja huku, moja kule, na kila siku ya Mungu, ile Jumapili, kisha misa wanaume walikuwa wanapanga mustari kujaribu kuinyanyua. Wengine iliwashinda ku magoti, wengine ku kifua, mimi mwenyewe ku kifua (munaona, sidanganyi), na muntu mumoja tu mugodi muzima alikuwa anaipandisha juu ya kichwa.

Ule muntu ni Papa Gaspari. Alizaliwa kijiji cha Ntoto, si murefu, si munene, ndevu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, ukimukuta njiani utafikiri ni muzee anaenda kuuza kuku. Lakini akiinama juu ya ile chuma, jamani, kelele zote zinakufa. Anaishika, anavuta pumzi moja, na chuma inapanda polepole, inapita magoti, inapita kifua, inasimama kule juu na magurudumu yake yanazunguka kidogo, na yeye anaiangalia kama vile inamuambia kitu. Mara ya kwanza kuona nilisikia nywele za mikono zinasimama, na nilifanya ishara ya musalaba bila kujua. Kisha anaiweka chini kwa heshima, bila kuiangusha, anaenda kukaa, na haigusi tena mupaka juma lingine.

Siku moja nikamuuliza, "Papa, mbona hauifanyi kila siku? Si ungekuwa na nguvu zaidi?"

Akacheka. "Kijana, unafikiri chuma njo inaleta nguvu? Chuma inavunja nguvu. Kisha wewe unakaa, unakula, unalala, na nguvu inarudi, inarudi na ndugu yake. Usipoingojea, ndugu hatakuja."

Nikasema ndiyo Papa, na moyoni nikasema huyu muzee amekuwa muvivu. Sikio la kufa halisikii dawa. Sababu mimi nilikuwa nimeona siri nyingine kwa macho yangu: fundi mumoja muzungu wa mashini, mwembamba kama ufito, anaamuka wa kwanza, analala wa mwisho, hakai chini, na saa yote iko na termosi yake ya kahawa anamimina, anakunywa, anapiga nyundo, anamimina tena. Nikasema kumbe! Sisi watu wa Masisi kahawa tunaipanda, tunaichuma, tunaiosha, tunaianika, kisha tunaipandisha ku kamio, yale malori, iende Ulaya, na hakuna mumoja wetu aliyejua ile kitu iko na ladha gani. Wazungu walikuwa wanakunywa nguvu zetu na sisi tunaangalia!

Basi nikapata konji, ile likizo ya kurudi nyumbani, kilima chetu kile cha juu ya Mushaki, na Papa Gaspari na yeye alikuwa na konji, sababu alioa ku kilima cha wakwe zangu, ngambo ya bonde. Ile chuma nikaiomba (ilikuwa takataka, hakuna aliyeililia), nikaipandisha kamio pamoja na mimi, shofere anacheka mupaka machozi. Nia yangu ilikuwa moja: konji ikiisha niirudishe, na Noeli ikifika, kisha misa, niipandishe juu ya kichwa mbele ya mugodi wote, na yule muzee ashuhudie.

Nikaanza. Asubui mapema chuma, nainyanyua mupaka mikono inatetemeka, kisha kahawa. Nilichukua punje zilizovunjika, zile muzungu wa shamba alizokataa, nikazikaanga mu chungu cha maharagi, nikazitwanga mu kinu, nikachemusha mupaka ikawa nyeusi ti. Na hapa musinicheke bado: hakuna muntu alikuwa amenionyesha kipimo. Muzungu alikunywa kikopo kidogo, lakini muzungu mwenyewe ni mwembamba, na mimi kipimo nilichokijua cha kunywa kitu cha wanaume ni kimoja, kibuyu, sawa vile tunavyokunywa kasiksi. Nikajaza kibuyu, nikakifunga, nikakimaliza.

Weeh! Wapenzi, ile siku ya kwanza siwezi kuisahau. Moyo ulipiga kama ngoma ya harusi, macho yalifunguka nikaona hata mabuibui ku paa, nikanyanyua chuma tena, nikalima shamba la maharagi mustari wote, nikapasua kuni za majuma mawili, nikatengeneza paa la jiko, na jua lilikuwa bado halijafika katikati. Nilikaa ku mulango nikaangalia mikono yangu kwa kushangaa, nikamushukuru Mungu aliyeumba ule muti.

Lakini siku ya tano chuma iliyokuwa inafika kifuani ikaanza kusimama ku tumbo. Mikono ilikuwa mizito kama si yangu. Muntu mwenye akili angesema nimechoka, nilale. Mimi nilisema kibuyu kimoja hakitoshi. Nikaweka viwili. Siku ya saba, vitatu. Usingizi ulinikimbia kabisa, nalala chali nikihesabu mianzi ya paa, na Furaha ananiambia, "Bauma, unalala macho wazi kama samaki. Pumuzika hata siku mbili." Na mimi: "Mwanamuke, haujui mambo ya chuma."

Siku ya kumi, asubui, tukasikia sauti inapigwa kutoka ngambo ya bonde, ile sauti ndefu ya kuita kilima hadi kilima. Mama mukwe ameteleza mu shamba la maharagi, udongo ulikuwa umelowa, muguu umevunjika chini ya goti, na mufupa umechungulia inje. Furaha akatupa jembe, tukavuka bonde mbio. Na wote tulijua hesabu ya ile siku bila kuambizana: kamio ya kubeba mashu, zile kabichi, inatoka Mushaki jua likiwa katikati, inaenda mupaka Goma kwenye hospitali, na kamio nyingine ni juma lijalo. Mwaka uliopita kulikuwa Papa mumoja alingojea juma na muguu wa namna ile, ukaoza, akazikwa. Basi tuifikie ile kamio, ao tumupoteze Mama.

Kwetu mugonjwa anabebwa mu kipoyi, kitanda cha mianzi chenye miti miwili mirefu, wanaume wanne wanabeba, wanne wanafuata nyuma kungojea zamu yao. Na njia yote iko na vituo vinavyojulikana tangu babu zetu: ku lile jiwe, ku ule muto, ku ule muti. Mukifika ku kituo munaweka chini, munakaa, munakunywa maji, munabadilisha mabega. Mukubwa wa kipoyi siku ile alikuwa Papa Gaspari, sababu ujanani aliwahi kubeba wazungu mu kipoyi kutoka Walikale mupaka Masisi na kurudi. Tena niwaeleze na hii, kwa vijana ambao siku hizi wanakula sahani moja na mama mukwe: zamani mukwe na mama mukwe hawaangaliani usoni na hawasemezani. Akitaka kukuambia kitu anapitisha kwa muntu mwingine, hata kama umesimama pale pale mbele yake. Jina lake mimi sijalitaja mupaka leo, na sitalitaja.

Sasa ningekaa nyuma na bapapa wazee, hakuna angenisema. Lakini mbele ya kutoka nyumbani nilikuwa nimekunywa vibuyu vyangu vitatu, mudomo ukajisemea wenyewe. "Mimi nabeba mbele, bega la kuume, mupaka Mushaki. Sibadilishi na muntu."

Papa Gaspari hakuangalia uso wangu, aliangalia vidole vyangu. "Mikono yako inasema neno lingine."

"Ni baridi, Papa."

"Sawa. Ni baridi." Na kwa sababu mama mukwe alikuwa analia chini chini na haikuwa saa ya kubishana, aliniacha.

Tukatoka. Hatujapita hata mashamba mawili, tunafika ku jiwe, Papa Gaspari anasema weka chini. Nikasema, "Papa, hatujachoka!" Akajibu, "Hakuna aliyekuuliza kama umechoka." Wote wakakaa, wakapitisha maji, wengine wakaenda pembeni kidogo kujisaidia. Mimi nikabaki nimesimama, mukono ku muti wa kipoyi kama askari, sababu kipoyi iko na sheria: ukiacha muti wako, mwingine anachukua nafasi, na mimi nilikuwa nimeapa.

Na hapo niwaambie tabia moja ya kahawa ambayo hakuna muntu alikuwa ameniambia. Inaingia vibuyu vitatu, inataka kutoka sita. Ku jiwe nilianza kuisikia. Ku muto niliisikia sana, na yale maji yanayopita chwaa-chwaa hayakunisaidia hata kidogo. Wote tena wakaenda pembeni, wakarudi wepesi wanafuta mikono, na mimi nimeshika muti, nimebana magoti, jasho linateremuka ku mugongo. Papa Gaspari akasema polepole, ili wengine wasisikie, "Mwana, nenda. Nitakushikia bega." Nikasema niko muzima. Hata leo nikikumbuka lile neno najipiga kofi.

Tukapanda. Moyo sasa haupigi ngoma ya harusi tena, unakimbia, unasimama, unakimbia. Mikono ikaanza kutikisika yenyewe, na kipoyi inatikisika pamoja nayo. Mama mukwe akasema kwa uchungu, "Furaha, ambia mwenye nyumba yako asinitwange kama muhogo ku kinu."

Furaha akaanza, "Mama anasema—"

"Nimesikia."

"Haujasikia! Unangoja nikuambie!" Hata mu ile taabu, heshima ilibaki heshima.

Ilibaki mupando wa mwisho, ule wenye udongo mwekundu, na ukifika juu unaona barabara. Katikati ya ule mupando mikono yangu iliacha kunisikia. Siwezi kueleza namna nyingine: niliwaambia vidole shikeni, na vidole havikushika. Magoti yakafuata. Nikaanguka uso mu matope, na muti wa kipoyi ukateremuka upande wangu, mama mukwe akapiga kelele akaanza kuteleza kwenda inje, na ule muguu wake mbele.

Hakufika chini. Papa Gaspari, sijui alitoka wapi, alikuwa nyuma yangu hatua tano, aliingiza bega chini ya ule muti na mukono mumoja akaukamata, na kipoyi ikasimama hewani, imenyooka. Nilimuangalia kutoka chini, matope machoni, na niliona ile shingo yake imesimama, na uso wake umetulia kama siku za Mungu mugodini. Nilielewa pale pale zile siku sita za kukaa alikuwa anaziweka wapi. Niliogopa, na ilikuwa woga muzuri, ule wa kanisani.

Basi ningebaki na haya ya kuanguka tu, ingetosha. Lakini nilipoacha kubana magoti, na kahawa ikaacha kungoja. Yote. Vibuyu vitatu. Na suruali yangu ilikuwa ile ya kaki ya mugodi, rangi nyepesi, haikuficha kitu hata kimoja. Mbele ya wabebaji, mbele ya bamama waliokuwa wanafuata wakisali rozari (rozari ilisimama), na mbele ya mama mukwe aliyekuwa amegeuza kichwa akiniangalia. Mama mumoja akasema "Yoo!" na akafunika mudomo. Furaha akafungua kikwembe chake cha juu, chenye maua ya manjano, akanitupia.

Na pale pale tukasikia honi ya kamio kule juu. Mara tatu.

Kila muntu akashtuka. Wakataka kukimbia na kipoyi. Papa Gaspari akasema, "Wekeni chini."

"Papa, kamio inaenda!"

"Wekeni chini. Kaeni. Kunyweni. Furaha, wewe mwepesi, kimbia umuambie shofere tunakuja."

Furaha akaruka kama swala. Na wale wanaume wanane, na mugonjwa anaumia, na honi inalia, walikaa. Walikaa! Papa Gaspari alifunga macho na kupumua, muda wa kusali Salamu Maria kumi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi ndani ya kile kikwembe, nikisema moyoni anamuua, huyu muzee anamuua Mama wa watu, na mimi njo sababu. Kisha akafungua macho akasema, "Sasa."

Hawakukimbia. Walipanda. Miguu minane kama muguu mumoja, udongo uleule ulioniangusha hawakuuona, kipoyi imelala juu ya mabega yao bila kutikisika, ungeweka maji ndani yasimwagike. Mimi mukubwa wa mabega nilikuwa nyuma kabisa, na bamama, nimebeba mutungi wa maji, na hata ule ulinishinda, mama mumoja akaninyanganya. Tulipotokea barabarani kamio ilikuwa inawaka, shofere ametoa mukono inje anagombana na Furaha, na Furaha amesimama mbele ya magurudumu.

Wakamupandisha juu ya magunia ya mashu. Mama mukwe akashukuru wabebaji mumoja mumoja. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya bamama, namuomba Mungu kamio iende.

"Furaha, bwana yako iko wapi?"

"Mama, iko... iko huku, lakini nitamuambia nini?"

"Usimuambie kitu. Nitamuita mwenyewe." Na akainua sauti, mbele ya watu wote wa kilima, "Bauma!"

Nawaambia hata injini nilifikiri imenyamaza. Tangu nimuoe mutoto wake hajawahi kunitamukia jina. Nikatoka, kichwa chini, maua ya manjano kiunoni.

"Panda. Kaa hapa karibu na mimi. Unishikie muguu usitikisike."

Nikapanda. Nikakaa, nikashika vile vijiti walivyofungia muguu wake, nikaangalia mashu. Kamio ikateremuka kwenda Sake, nakumbuka kona ya kwanza, nakumbuka ya pili, nakumbuka muntu kusema hii ni Mubambiro, na kisha sikumbuki kitu, sababu usingizi wa siku kumi ulinikuta na kunichukua wote kwa mara moja.

Nilifungua macho Goma, mu kiwanja cha hospitali. Kichwa changu kilikuwa juu ya bega la mama mukwe. Bega la mama mukwe, jamani! Na mate yangu yamelowesha nguo yake. Vijiti vya muguu alikuwa anavishika mwenyewe kwa mukono mumoja, na mukono wa pili ulikuwa ku kichwa changu. Kijana wa kupakia mashu, aliyekaa na sisi kule juu, njo aliniambia baadaye, tangu Mubambiro kila shimo la barabara Mama alikuwa anakamata kichwa changu kisigonge mbao, na yeye anauma meno.

Munganga mumoja akaja na kitanda cha kubebea, akatuangalia wote wawili, yule mama wa heshima na lile jitu lenye matope ndani ya kikwembe, akauliza, "Mugonjwa ni nani?"

Mama mukwe akajibu, "Mugonjwa ni mimi. Lakini semeni polepole, huyu mwana wangu amechoka."

Muguu ulipona, na mimi niliapa. Kahawa naipanda mupaka leo, naichuma, naiuza, lakini mudomoni mwangu haitaingia tena, na mukiniona nimekaa katikati ya kazi, jua bado asubui, jembe liko chini, musiniite muvivu. Niacheni nikae.